Kaa la Pasi

Jirani yangu bado anatumia pasi ya mkaa. Ikiunguza kitambaa, harufu ile hunirudisha chini ya meza, Kasulu, kwenye karakana ambako mama na wenzake walishona sare za shule.

Watoto hawakuruhusiwa. Asubuhi moja ya baridi mama aliniingiza nikiwa ndani ya kanga, akanificha kwenye vipande vya kaki.

"Ukitoa sauti, msimamizi atanifukuza kazi. Umesikia?"

Msimamizi alifunga mlango kwa kufuli ili kitambaa kisiibwe, akatia ufunguo mfukoni, akaanza kuzunguka kati ya vyerehani.

Mchana mpiga pasi aliitikisa pasi yake ili mkaa ukolee. Kaa moja likaruka, likaangukia vipande vyangu. Moshi ukaanza kupanda. Nilitaka kupiga kelele, lakini viatu vya msimamizi vilikuwa vimesimama mbele ya meza yetu. Nikalifunika kaa kwa kiganja cha kulia, nikaing'ata kanga.

Jioni, njiani, mama alifurahi.

"Leo umetulia kweli, mwanangu. Na kesho utulie hivyo hivyo."

Akaninyooshea mkono anishike. Nikampa wa kushoto.