Magunia Sita ya Mchanga kutoka Mutsamudu

Mimi ni mtu wa Mutsamudu, na mtu wa Mutsamudu hukua akisikia maji. Mto unapita karibu na nyumba, mama zetu walifua humo, sisi tulioga humo, na hakuna aliyeufikiria. Nilipopata kazi ya ufundi wa maji serikalini na kuvuka bahari kuhamia Moroni ndipo nilipojua kwamba kuna kisiwa kizima kisicho na mto hata mmoja. Kisiwa hicho, Ngazidja, ni mlima wa moto. Mvua inanyesha kwa nguvu ya ajabu, na ardhi inaimeza kabla hujamaliza kufunga dirisha. Watu wanakunywa maji ya birika, yaani shimo lililojengwa kwa mawe na chokaa, linalokinga mvua ya paa na kuitunza kwa miezi, pamoja na majani makavu, vinyesi vya mijusi na viluwiluwi vya mbu.

Nilioa huko huko. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Magoudjou, tukapata binti. Kisha ukaja uhuru, na nyuma ya uhuru yakaja mapinduzi, na katika mapinduzi nikaambiwa, pamoja na watumishi karibu wote wa serikali, nirudi nyumbani. Ofisi ikafungwa. Faili zikachomwa uwanjani, na ndani yake ilikuwamo michoro yangu ya mabirika ya vijijini, kazi ya miaka minne. Nilisimama nikatazama. Kijana aliyekuwa akichochea moto kwa fimbo aliniambia, "Karatasi za wakoloni hizo, fundi."

"Ni michoro ya maji," nikasema.

"Maji hayahitaji karatasi."

Nikamchukua mke wangu na mtoto, tukapanda kwa mama yake, katika kijiji kimoja juu ya Mvouni. Jina la kijiji nitaliacha, maana waliohusika bado wako hai na wana wajukuu.

Huko Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ni mgeni wa kudumu. Mama mkwe wangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi, alinipokea kwa heshima kamili. Heshima hiyo ilimkataza kuzungumza nami ana kwa ana. Tulikuwa tukikaa ukumbi mmoja, mimi huku na yeye kule, naye akimwambia binti yake, "Mwambie mumeo chakula kipo." Mke wangu hakujisumbua kunieleza, nilikuwa nimekwisha sikia. Nami nilijibu, "Mwambie mama ahsante." Tuliishi hivyo.

Miezi mitatu baadaye binti yetu akaanza kuhara damu. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Moroni, kwa miguu, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na gari lenye mafuta. Muuguzi mmoja, mwanamke aliyechoka sana, alimtazama akasema, "Mnakunywa maji gani?" Nikamwambia ya birika. "Chemsheni."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini hilo neno "chemsheni" lilinikaa kooni. Kuchemsha kwa kuni zipi? Kuni zilikuwa mbali, msituni juu, na wanawake walikwenda alfajiri na kurudi adhuhuri na mzigo wa siku mbili. Ukizitumia kwa maji, wali utaupikia nini? Mke wangu alichemsha wiki moja. Wiki ya pili aliniambia kwa upole, "Nenda wewe msituni." Nilikwenda mara moja, nikaelewa.

Basi nikakumbuka kitu tulichofundishwa kazini: pipa, kokoto chini, makaa katikati, mchanga juu. Maji yanapita polepole na kutoka safi. Hayagharimu chochote ila pipa na subira. Na kabla ya maji kuingia birikani, mabomba ya paa yawe na mdomo unaogeuka, ili maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha paa, yamwagwe nje. Paa la bati la shule lilikuwapo. Birika la shule lilikuwapo, lenye ufa mmoja tu. Niliona ni kazi ya mwezi.

Nikaenda kwa kamati. Kamati ya kijiji, iliyowekwa na mapinduzi, ilikuwa vijana wa shule, na mwenyekiti wake alikuwa na miaka kumi na minane na kalamu tatu mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "sisi tumeomba mashine. Itavuta maji kutoka pwani mpaka hapa."

"Maji ya pwani yana chumvi."

"Mashine italetwa na marafiki zetu wa nje. Wao watajua la kufanya na chumvi."

"Na mafuta ya kuiendesha?"

Aliandika neno "mafuta" kwenye daftari, akalipigia mstari. "Wewe unatuletea mchanga na makaa. Hayo ni mawazo ya kizamani. Lakini hatukukatazi."

Mashine sijaiona mpaka leo.

Shida ilikuwa mchanga. Mchanga wa pwani ya Moroni umejaa chumvi, na ili uutumie lazima uuoshe kwa maji matamu mengi mno. Maji matamu ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Nilizunguka na jambo hilo kichwani siku kadhaa, kisha nikapata jibu lililonipendeza mimi mwenyewe kupita kiasi: mchanga wa mtoni, wa kwetu. Nikapanda meli ndogo ya mizigo, nikaenda Mutsamudu na magunia sita matupu.

Dada yangu anakaa mji wa zamani, katika vichochoro ambavyo punda na mtu hawawezi kupishana. Alinifungulia mlango akafurahi, akauliza nimeleta nini. Nikamwonyesha magunia.

"Umekuja kuchukua mchele?"

"Mchanga."

Alikaa kwenye ngazi. "Kaka yangu, kwenu huko hakuna mchanga? Kisiwa kizima kimezungukwa na bahari."

Nilimweleza habari za chumvi. Alisikiliza, akasema watu wa Ngazidja wameniharibu akili, lakini kesho yake alikuja nami juu mtoni na ungo wake wa unga. Tulichekecha mchanga siku mbili, tumezama mpaka magotini, wanawake waliokuwa wakifua wakitutania. Mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo ndiye yule mtumishi wa serikali aliyesomeshwa. Dada yangu akamjibu, "Ndiye, na ungo wangu umetoboka kwa ajili yake."

Magunia sita yalijaa. Mchanga mzuri, laini, safi kama chumvi ya mezani. Nilikodi punda wawili mpaka gatini, na hapo ndipo nilipokutana na vijana wa ulinzi wa mapinduzi.

"Ni nini hicho?"

"Mchanga."

Walitazamana. Mmoja akapiga gunia teke, likamuumiza. "Nani anasafirisha mchanga? Una karafuu humo. Au vanila."

"Fungueni mwone."

"Mchanga ni mali ya umma. Kibali kiko wapi?"

Nikawaambia ukweli: ofisi iliyokuwa ikitoa vibali vya mchanga ni ile niliyokuwa nikifanya kazi mimi, na wao wameifunga. Nilidhani wataona. Hawakuona. Mkubwa wao alisema bila kibali lazima wakague, na kukagua kwao ilikuwa kumwaga. Walimwaga gunia la kwanza juu ya mawe ya gati, wakapekua kwa mikono, wakakuta mchanga. Wakamwaga la pili, wakakuta mchanga. Nilifikiri watakoma. Walimwaga yote sita. Kufikia la nne hata wao walikuwa wameona haya, lakini mtu akishaanza kazi ya kipumbavu mbele ya watu huona ni bora aimalize.

"Sawa," akasema mkubwa wao. "Unaweza kupita."

Nilipiga magoti, nikaukusanya kwa viganja, mbele ya wachukuzi wote wa bandari. Mchukuzi mmoja mzee alikuja akaninong'oneza kwamba hasira inapoteza mchanga mwingi kuliko upepo, akanishikia mdomo wa gunia. Nilipata magunia manne na nusu. Mchanga uliobaki uliingia baharini, kwenye chumvi.

Nilirudi Moroni, nikatafuta gari, nikapanda kijijini nimevimba kwa uchovu na kiburi. Magunia yakashushwa uani. Koko alitoka, akachukua mchanga kidogo kwa vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Muulize mumeo," akamwambia mke wangu, "huu kautoa wapi?"

"Mutsamudu, mtoni," nikajibu mwenyewe.

"Muulize kwa nini hakuleta wa pwani, akaumwaga hapa uani, akauacha msimu mmoja wa mvua. Mvua ingeuosha bure."

Mke wangu alitazama juu kana kwamba kuna ndege anapita. Mimi, fundi wa maji wa serikali, mwenye cheti, nilikuwa nimevuka bahari, nimedhalilika gatini, nimetoboa ungo wa dada yangu, na jibu lilikuwa kukaa na kungoja. Niliingia ndani nikalala na viatu.

Pipa lilijengwa. Ufa wa birika la shule niliuziba kwa saruji niliyoombaomba. Mabomba ya paa nilitengeneza kwa mabati ya madebe yaliyofunguliwa na kupigwa nyundo, na mdomo wa kugeuza ulikuwa kipande cha bomba kilichoshikwa na mpira wa baiskeli. Maji yaliyotoka chini ya pipa yaling'aa hata nikayashika juani nikayatazama kama mjinga. Koko alikataa kuyanywa. "Mwambie mumeo mimi sinywi maji yaliyopita kwenye makaa. Hayo ni maji ya jikoni." Aliendelea na yake ya birika la nyumbani, na kuharisha hakuharisha hata siku moja. Hilo nalo lilinikera.

Lakini vita hasa ilikuwa ile ya maji ya kwanza. Nilikuwa nimesahau nazungumza na watu gani. Hawa ni watu wanaopima maji kwa kata, watu ambao mgeni akinawa mara mbili watoto huhesabu. Nami nawaambia mvua ikianza baada ya kiangazi, geuzeni bomba, mwageni. Walikubali kwa kichwa. Mvua ya kwanza ilipokuja nilikimbia shuleni nikakuta mdomo umegeuzwa ndani, uchafu wote wa miezi mitano unaingia birikani, na mwanamke mmoja amesimama hapo analia kwa furaha.

"Nani amegeuza?"

"Mimi," akasema. "Ningewezaje kutazama yakimwagika?"

Kamati ikaweka mlinzi. Mvua ya pili, mlinzi mwenyewe akageuza. Mwenyekiti akaitisha mkutano hapo shuleni, akatoa hotuba kuhusu nidhamu ya kimapinduzi, na wakati anahutubia mvua ikanyesha, na nikaona kwa macho yangu jinsi alivyotazama yale maji yanayokwenda chini, jinsi mkono wake ulivyosogea kwenye mdomo wa bomba. Nilipaza sauti mpaka ikakatika. Nilisema maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasema ugenini.

Jioni Koko alikuja akakaa karibu kuliko kawaida. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe, alinisemesha mwenyewe.

"Mwanangu, kwa nini unasema 'mwageni'?"

"Kwa sababu ni machafu, mama."

"Weka pipa lingine chini ya huo mdomo. Sema ni maji ya mbuzi. Mbuzi wanywe, nguo zifuliwe, migomba imwagiliwe. Mtu hawezi kumwaga rehema, lakini kumpa mbuzi anaweza."

Niliweka pipa. Nikasema ni maji ya mbuzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa mdomo wa bomba vibaya, na watoto wenyewe walikuwa wakikimbia kuugeuza wakisikia radi. Miaka ile, watoto wa kijiji kile waliharisha kidogo kuliko zamani. Sikuandika popote, sina takwimu. Najua tu idadi ya mara nilizombeba binti yangu kwenda hospitali, na baada ya hapo sikumbeba tena.

Kisha serikali ikapinduliwa. Kamati iliyeyuka kwa siku moja. Mwenyekiti alijificha kwa shangazi yake mpaka mambo yalipotulia, na kalamu zake akazitupa chooni. Na harusi kubwa, zile zilizokuwa zimekatazwa na mapinduzi, zikarudi zote kwa pamoja, kama watu wenye njaa.

Asubuhi moja nilipita shuleni nikakuta paa halina mabomba. Mabati yangu yote yamechukuliwa kutengenezea kibanda cha kupikia cha harusi ya jirani. Pipa la mchanga limepinduliwa, na ndani yake wamepikia nyama. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana harusi, mtu mzima mwenye joho jipya.

"Mabomba ya shule!"

"Fundi, hodi kwanza, karibu. Utakula?"

"Watoto watakunywa nini?"

"Harusi ni wiki mbili tu. Tutarudisha."

Walirudisha baada ya miezi miwili, yamepinda, yana masizi na mafuta. Pipa lilikuwa limetoboka. Koko alikwenda kwa mama wa bwana harusi, wakajifungia chumbani muda mrefu, na sijui kilichosemwa, ila kesho yake liliwasili pipa jipya kutoka Moroni, na ndani yake mchanga wa pwani, mweusi, unaonuka mwani.

Tuliumwaga uani, tukangoja mvua iuoshe. Mimi na mke wangu tukaenda shuleni kurudisha mabomba. Yeye alishika ngazi, mimi nikipiga misumari, na alikuwa akinipigia kelele kutoka chini kwamba mteremko si sawa, maji yatasimama katikati. Nilimwambia nimefanya kazi hii miaka mingi kabla hajanijua. Akasema hilo ndilo linalomshangaza. Nikashuka, nikatazama kutoka chini alipokuwa yeye. Mteremko haukuwa sawa. Nikapanda tena.