Utani wa Mwanaima

Kwa miaka sita Limi, Mama Ndaki kwa wengi kambini, alipika kwenye kambi ya wachimbaji kule Mwakitolyo bila kujua kusoma, na siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, Mwanaima.

Limi ni Msukuma wa Samuye, Mwanaima ni Mzaramo wa Kisarawe, na hao wakikutana utani hauna simile. Tangu siku ya kwanza walitukanana kwa raha zao, huyu mla michembe ya viazi vilivyokaushwa, yule mcheza ngoma asiyelijua jembe. Ndiyo maana siku Limi alipomfungulia moyo, wakimenya viazi, alisema huku anacheka, "Mtani, mimi karatasi naijua ya kufungia vitumbua tu."

Mwanaima hakumcheka. Kuanzia kesho yake, orodha ya chakula ikibandikwa ukutani, aliisoma kwa kelele za utani: "Wewe Msukuma, leo michembe hakuna! Leo wali, maharage, kabichi!" Jiko zima lilicheka, na Limi akajua la kupika. Alimpenda Mwanaima kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mwaka huu meneja, Bwana Deusdedit, aliwakusanya wapishi kutangaza msimamizi wa jiko. Moshi ulikuwa umeshamla Limi kifua, na msimamizi hakai motoni. Tena walishakubaliana na Mwanaima: Limi akiipata nafasi hiyo, Mwanaima atamsomea orodha.

"Nafasi ni ya Mama Ndaki," meneja akasema, akimtazama Limi.

Mwanaima akapiga makofi. "Bosi, unampa mtani wangu makaratasi? Huyu karatasi anaijua ya kufungia vitumbua tu!"

Watu wakaangua kicheko. Meneja naye akacheka, akamnyooshea Limi orodha. "Msomee basi, umzibe mdomo."

Limi akaishika. Akaitazama, akaitazama. Kicheko kikafifia, na kabla ya jioni nafasi ikawa ya Mwanaima.

"Usinune, mtani," Mwanaima akamwambia. "Si utani tu?"

Utani tu! Mtani hakasirikiwi, ukinuna mwenye kosa ni wewe, na Mwanaima alijificha hapohapo akijua hakuna wa kumtoa. Kilichomchoma Limi zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Alimpa mwenziwe akiwa anacheka, naye akayatunza hadi siku ya kuyatumia.

Asubuhi Mwanaima akasimama mbele ya ukuta. "Wewe Msukuma, leo michembe hakuna!" Akangoja tusi la Limi.

Limi alimzidi miaka kumi na miwili. Akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kama wanavyofanya kwao mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, msimamizi."

Hakucheka mtu.

"Mtani, acha hayo bwana..."

"Leo tunapika nini, msimamizi?"

Mwanaima akageukia ukuta, akasoma orodha yote kwa sauti ndogo, wali, maharage, kabichi, na Limi akaenda kubandika sufuria.