Bingwa Alimwinukia

Binti wa fundi cherehani alicheza snuka ya kulipwa, mchezo wa kutumbukiza mipira kwenye mashimo ya meza kwa fimbo, kwa misimu miwili tu, na hadi mechi ya mwisho alikuwa hajashinda hata moja. Leseni yake ya kucheza ilikuwa inaisha wiki ile. Mama yake, asiyeujua mchezo, alikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza. Mpinzani alikuwa mkongwe aliyewahi kuwa bingwa.

Katika raundi ya mwisho binti alitumbukiza mpira baada ya mpira bila papara, mpaka mkongwe akainuka kitini na kumpa mkono. Mipira minne ilikuwa bado mezani. Mama akamfuata binti mlangoni amenuna.

“Mbona umeiacha kazi njiani, mwanangu? Umekata tamaa?”

“Aliyekata tamaa ni yeye, mama. Hata angeingiza yote iliyobaki, asingezifikia alama zangu.”

“Bingwa mzima?”

“Mzima, na fimbo yake.”

Ushindi mmoja haukutosha kuiokoa leseni. Sasa binti anafundisha wengine, na mteja akiuliza habari zake, mama husimamisha cherehani kwanza.

“Bingwa alimwinukia mwanangu,” husema, “na mipira haijaisha.”