Mashine ya Marehemu

Wanafunzi wa biashara walimwita Mama Mtaji. Alijua, akajifanya hajui. Kila mwaka aliwafundisha misingi ya fedha za kampuni, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la gharama zilizokwisha kuzama.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Ukitaka kuamua, usitazame ulichokwisha kutoa. Uliza tu: kitu hiki kuanzia leo kitaingiza nini, na kitakula nini?"

Maneno mazuri, ila mganga hajigangi. Mumewe alipofariki alimwachia nusu ya kiwanda kidogo cha uchapaji. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu. Katikati ya chumba ilikaa mashine aliyoinunua marehemu, kuukuu, yenye kutema wino kila pahali isipokuwa kwenye karatasi. Ikigoma, shemeji hupiga simu, Mama Mtaji hutia sahihi, na fundi hulipwa. Mwaka huu iligoma mno. Wateja wa kadi za harusi wakahamia kwa jirani, na wachapaji wakaanza kucheleweshewa mishahara. Sasa fundi alikuwa ameleta bei ya kuifufua tena, na kwa bei hiyo wangeweza kulipa malipo ya kwanza ya mashine mpya. Wakikosea safari hii, kiwanda kinafungwa.

Asubuhi hiyo akalipeleka swali darasani, akisema ni la "kampuni fulani". Wanafunzi wakakadiria mapato ya miaka ijayo, wakayapunguza hadi thamani yake ya leo, wakatoa gharama za matengenezo. Hasara tupu.

"Iuzwe chuma chakavu, Mwalimu," alisema binti mmoja wa nyuma. "Labda kama mwenyewe ana mapenzi nayo."

Darasa likaangua kicheko. Mama Mtaji aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, akageuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kiwandani. Shemeji alikuwa amelala chini ya mashine, miguu tu ikionekana.

"Shemeji, toka huko. Tuiuze."

Akatoka taratibu, grisi hadi kwenye nyusi. "Unasema kweli?"

"Najua ni ukumbusho wa kaka yako, unisamehe. Nimeivumilia kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Shemeji akakaa sakafuni. "Mimi siipendi tangu iletwe! Naitengeneza kwa ajili yako wewe. Niliogopa nikisema iondoke, utaona namfukuza mumeo. Hata kaka mwenyewe alikuwa anaitukana kila asubuhi."

Tangu mazishi walikuwa wamezungumza habari za vipuri, wino na fundi, lakini za marehemu hawajawahi. Mama Mtaji akavuta kiti, akaketi.

"Alikuwa anaitukana vipi?"

Shemeji akaona haya, kisha akayasema matusi yote, kwa sauti ileile ya kaka yake.

Mama Mtaji alifumba macho. "Sema tena," alimwambia.