Hofu ya Mlango Uliofungwa

Mwanangu, hadi leo huwa nacheka peke yangu nikikumbuka siku niliyokataa kuingia nyumbani kwa wakwe zangu, Kharumwa. Kuku amechinjwa, ugali umeiva, mkeka umetandikwa sebuleni, na mimi, mkwe mtarajiwa, nimeng'ang'ania kukaa uani. "Ndani kuna joto," nikasema. Joto gani, na jua lilikuwa linaniunguza utosi!

Ukweli ni kwamba miezi michache kabla, kule Mwakitolyo, duara letu, yaani shimo tulilokuwa tukichimba dhahabu, lilititia nikiwa chini. Wenzangu walinifukua mzima, namshukuru Mungu. Lakini tangu hapo, nikiona mlango unafungwa, moyo ulinienda mbio na pumzi zikanikatika. Sikumwambia mtu. Mwanaume mzima, nitaanzaje kusema naogopa mlango?

Mchumba wangu Kabula alinifuata pale uani. "Masanja, unaniogopa mimi au unaiogopa nyumba?"

"Nyumba," nikajibu, na machozi yakanitoka.

Hakunicheka. Kesho yake akanipeleka kituo cha afya, kwa muuguzi wa ushauri nasaha, Mama Limi. Nilidhani atanikemea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sitakuambia usiogope, baba. Nitakufundisha kukaa na hofu mpaka ichoke yenyewe."

Basi mazoezi yakaanza, kwenye jiko la shangazi yake Kabula. Kwanza nilisimama kizingitini, nikavuta pumzi, nikaitoa polepole kama mtu anayepoza uji, huku nikitaja ninachokiona. Chungu. Mwiko. Kuku anayeatamia. Hofu ikipanda sikimbii. Nangoja ishuke, ndipo natoka. Baadaye nikaingia ndani mlango ukiwa wazi, halafu ukiwa umeegeshwa, hatimaye umefungwa kabisa. Kuku alinidonoa mguu, na shangazi akalalamika, "Huyu bwana harusi amekuja kuoa au kuninyemelea mboga?"

Siku ya harusi mvua ilishuka kwa upepo, wakafunga milango ya kanisa. Jasho likanitiririka. Mchungaji akasita. Kabula akaninong'oneza, "Taja unachokiona."

"Namwona mjomba wako kasinzia, mdomo wazi."

Akaangua kicheko kanisa zima likasikia. Mjomba akazinduka na kupaza sauti, "Amina!" Nikatoa kiapo changu katikati ya vigelegele, na milango imefungwa vilevile.

Hofu ile bado hunitembelea mara mojamoja, ila sasa najua namna ya kuipokea. Nawe mwanangu, iwe ni hofu, hasira au huzuni, ikikulemea usijifungie nayo. Mwambie mtu unayemwamini. Nenda ukaonane na mshauri. Si wenye kichaa peke yao wanaokwenda huko. Pumua taratibu, na linalokutisha lisogelee kidogo kidogo, ukiwa na mtu anayekujali kando yako.

Mungu akupe moyo mwepesi, ng'wanawane, mwanangu, na nyumba yako isikose wa kucheka nawe.