Sabuni ya Sista wa Kuigiza

Juzi nilipita Kariakoo baada ya miaka mingi ya kuhamahama, nikamkuta mwenye duka mmoja wa kona anakata sabuni ya mche kwa uzi. Siku hizi huoni mtu akikata sabuni. Harufu ile ilinisimamisha katikati ya njia, mpaka kijana wa mkokoteni akaniambia, "Mama, utapisha au nikupakie?" Nikapisha. Lakini kilichopisha ni miguu tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesharudi kwenye ukumbi wa kanisa letu, benchi la nyuma, ubavuni kwa mama.

Kama ulikuwa mtoto miaka ile ya Ujamaa, sina haja ya kukueleza sabuni ilikuwa nini. Kama hukuwapo, jua kwamba kuna kipindi tulifulia majani ya mpapai. Kwenye duka la ushirika foleni ilipangwa kabla mlango haujafunguliwa, na mtu akitaka kwenda kuchota maji aliacha jiwe lake limshikie nafasi. Jiwe la mtu liliheshimiwa kama mtu. Kulangua watu walilangua, kuficha walificha, ila kuruka foleni, hapo hata mtawa angezomewa.

Tulipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na ua wa wote. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, kofia kichwani, redio pembeni, na adhana ikilia alifunika cherehani kwa kitambaa akaenda kuswali. Mama alitoka Kilimanjaro, Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari chini ya mto. Walioana kwa shehe, na baba alikubali tangu mwanzo kwamba mama abaki na dini yake na mimi nibatizwe. Nyumbani hilo halikuwa jambo. Ijumaa palinuka ubani, Jumapili tulikwenda kanisani, na vitumbua vililiwa siku zote mbili.

Kanisani ndiko lilikokuwa jambo, kwa kuwa aliyeolewa nje ya kanisa hakuruhusiwa kupokea Komunyo. Wakati wa Komunyo watu walitoka benchi baada ya benchi kwenda mbele, mama akabaki amekaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani miguu inamuuma. Nilipoanza kuuliza, na mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza mno, hata shule niliiacha mapema kwa sababu huko ni walimu tu walioruhusiwa kuuliza, mama alinijibu, "Mimi napokea kwa macho." Nikaona ni jibu.

Mwaka niliokuwa naandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza akaja padri mpya. Alitangaza kutoka altareni kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawajafunga ndoa kanisani atasubiri mpaka wafunge. Mama alinibana mkono hadi ukaniuma. Baada ya Misa, katekista, mzee aliyetufundisha dini kila Jumamosi, alimfuata mama pembeni ya ukuta akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, padri ni mgeni, hajui nyumba za watu. Hujaulizwa, usiseme." Mama akajitanda kanga, tukaondoka. Baba alikuwa amekwisha kulikata shuka letu jeupe la pekee na kunishonea gauni. Lilining'inia msumarini chumbani, limefunikwa gazeti, na kila nikiamka nilikuwa nalitazama kama bado lipo.

Jumapili moja kabla ya siku yenyewe, vijana wa parokia waliandaa vichekesho ukumbini, mchana baada ya Misa. Wazazi wote wa watoto wa Komunyo waliagizwa wafike na watoto wao. Padri akakaa mbele kabisa, katekista pembeni yake.

Mwigizaji alikuwa mmoja tu, jirani yetu wa chumba cha pili, muuza nazi sokoni, mwanamke ambaye akicheka uani kuku walikimbia. Aliigiza Sista wa zamani, wa wakati wa wakoloni. Vazi lake baba ndiye aliyelishona, kwa kaniki nyeusi na kipande cheupe cha amerikani. Mkononi alishika rula ndefu ya mti. Sisi sote tuliokaa ukumbini ndio tuliokuwa darasa lake. Alipoingia alituangalia tu, na ukumbi mzima ukasimama wenyewe, wazee kwa watoto. Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Alikagua kucha. Alimpigisha magoti jukwaani karani mmoja aliyechelewa, mikono juu. Watu walilia kwa kucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na Sista wake aliyewahi kumchapa.

Kisha akafunua kitambaa mezani. Ulikuwa mche mzima wa sabuni, umekatwa vipande. Alikoupata hakusema, na miaka ile hukumwuliza mtu swali kama hilo. Watu wa nyuma wakanyanyua shingo waone.

"Swali ni moja kwa wote," akasema. "Sakramenti ni saba. Wewe umepokea ngapi, na ndoa imo? Atakayejibu na darasa likacheka, sabuni yake."

Akashuka jukwaani, akaanza benchi la kwanza. Bibi mmoja akasema amepokea tano, na hiyo ya ndoa anaomba airudishe. Akapata kipande. Kijana wa kwaya akasema tatu, ya nne anamngoja Sista mwenyewe. Akapelekwa jukwaani kupiga magoti na karani. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nilikuwa nahesabu mabenchi. Mama akisema kweli, padri atasikia na gauni langu litabaki msumarini. Akisema uongo, atakuwa amemkana baba mbele ya watu, tena mbele yangu, mimi niliyekariri Jumamosi nzima kwamba uongo ni dhambi. Nilimvuta kanga. Nilimwambia nataka kwenda chooni. Hakugeuka.

Jirani akafika kwetu. Nilimwona akitambua. Alikuwa amenogewa na mchezo hadi akasahau benchi la nyuma amekaa nani. Rula ikashuka. Akatupa mgongo, akamgeukia mzee aliyefuata.

"Sista, umeruka," mtu akasema.

"Huyo mama hajaulizwa."

"Foleni, Sista, foleni," ukumbi ukaitikia, na miguu ikaanza kugonga sakafu. Hawakuwa na ubaya. Kulikuwa na sabuni, na mtu alikuwa amerukwa.

Jirani akarudi. Akauliza kwa sauti ambayo haikuwa ya Sista, mama amepokea ngapi. Mama akasimama, akazitaja nne, moja moja. "Vizuri, kaa," jirani akasema haraka. Lakini karani aliyepiga magoti jukwaani akadakia, "Na ndoa je? Au huyo mtoto kamnunua sokoni?"

Wakacheka. Mama aliniangalia, kisha akaangalia mbele.

"Ndoa ninayo," akasema. "Ilifungwa na shehe, Mtaa wa Sikukuu, na pilau likaliwa. Mume wangu ni Mwislamu. Ndiye aliyekushonea hilo gauni la usista, na huyu ni mtoto wake."

Halafu padri akacheka. Alicheka wa kwanza, akavua miwani, akafuta macho, akamwambia katekista kwa sauti kwamba Sista na yule mama wameuandaa mchezo wao vizuri. Ukumbi ukalipuka. Mama akainua mkono kuomba utulivu.

"Nasema kweli," akasema.

Wakacheka zaidi. Wengine wakasimama kumpigia makofi. Katekista peke yake alikuwa ameinamia viatu vyake. Jirani akaleta kipande kikubwa kuliko vyote, akanong'ona, "Kaa, shoga. Kaa chini."

Nyumbani mama alimsimulia baba kule barazani. Baba akauliza kama ametajwa kanisani. Akajibiwa kwamba ametajwa. Akauliza wakasemaje.

"Wamecheka."

Mguu wa baba ukasimama kwenye pedali. "Wamemcheka nani?"

"Hawakuniamini," mama akasema, akaingia ndani.

Jioni jirani alikuja, bado na kaniki yake, akakaa kizingitini. Akasema, "Nilitaka kukuruka, shoga." Mama akamwambia alimwona. Mama akalitoa gauni msumarini, jipya, halijavaliwa, akalifua kwa sabuni ile hadi povu likajaa karai, na hakuacha hata lilipokwisha kutakata.

Wiki ile kila mtu alipopiga hodi nilijificha chini ya kitanda. Padri hakuja. Jumapili ikafika, nikavaa. Zamu yetu ilipofika, kila mtoto alitoka na wazazi wake, benchi lote likabaki tupu, kasoro mama. Nilikwenda peke yangu. Padri aliinua hostia, akaangalia nyuma yangu kumtafuta mzazi. Macho yake yakaenda mpaka kwenye benchi, yakakaa huko. Nikaona uso ukimbadilika pole pole, na shingo yake ikawa nyekundu. Watoto nyuma yangu wakaanza kusukumana. Nilisikia harufu ya sabuni kwenye mikono ya gauni langu. Kisha akasema, "Mwili wa Kristo," kwa sauti ndogo sana, nami nikasema amina.

Ukumbi ule umevunjwa. Nyumba yetu sasa ni ghorofa la maduka, na pale baraza ilipokuwa wanauza mabegi. Jirani alirudi kwao Morogoro, na sijasikia tena kicheko cha kukimbiza kuku. Baba alitangulia. Baada ya arobaini, padri wa wakati huo, kijana mpole, alikuja kumwambia mama kwamba kwa kuwa mumewe hayupo, sasa hakuna kinachomzuia, aje tu kupokea. Mama alimshukuru, akamkaribisha chai.

Jumapili hiyo nilikuwa nimepita Dar, nikaenda naye. Watu wakatoka benchi baada ya benchi kwenda mbele, mpaka likafika letu. Nikasimama, nikampisha. Alikuwa amekaa, mikono mapajani. Nikainama, nikamwuliza kama miguu inamuuma.

Akasema hapana, haimuumi.