Mkanda wa Bastola

Mkanda wenyewe ulikuwa mweusi, wa ngozi, na ubavuni ulikuwa na kifuko cha kuwekea bastola. Kifuko kilikuwa kitupu. Bosi alimpa rafiki yangu mapema, kabla cheti cha kuruhusiwa kushika silaha hakijatoka, eti auzoee uzito wake. Uzito gani wa kifuko kitupu? Lakini yeye alikipaka rangi ya viatu kila asubuhi, akatembea nacho mtaa mzima wa Marshalltown, mkono mmoja kaunyanyua kidogo pembeni. Na mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilimwonea wivu kama mtoto.

Tulikuwa walinzi wa jengo moja la ofisi. Lindo langu lilikuwa geti la magari: kuinua mti wa kizuizi, kuandika namba za gari kwenye daftari, kushusha mti. Yeye alikaa mlango mkubwa. Tulitoka Bukavu pamoja hadi huku kusini, na karatasi za ukaazi wa kudumu tulizipata kwenye foleni moja. Kazi nilimtafutia mimi. Hata tai nilimfundisha mimi kuifunga. Sasa mama anayeuza magwinya, maandazi ya huku, nje ya geti, ambaye miaka yote gwinya la kwanza la moto lilikuwa langu, akaanza kumpelekea yeye mlangoni.

Nafasi ya silaha ilikuwa moja tu, kwenye gari linalokimbilia kengele za wizi zikilia. Mimi ndiye niliyeitamani kwanza na kuiomba kwanza. Nilifanya mafunzo, nikapiga shabaha vizuri. Kisha polisi anayeshughulikia maombi ya silaha akaniita, akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe.

"Bhuti," akaniita, yaani kaka, "una makosa mawili ya kuendesha gari umelewa. Mtu wa namna hiyo hapiti hapa."

Nikamwambia nililipa faini na mambo yakaisha. Akasema mbele ya hakimu nilikubali kosa, na kosa nililolikubali limekaa kwenye jina langu.

Hilo ndilo kosa letu sisi wageni. Ukikamatwa, kila ndugu wa kanisani anakupa ushauri uleule: usibishane, sema ndiyo, saini, lipa, urudi lindoni kabla bosi hajaweka mtu mwingine. Hakuna anayesoma alichosaini. Mimi nilisema ndiyo mara mbili.

Ya kwanza nitaieleza, maana ndiyo inayoniuma. Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, miaka minne sasa. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunatoka kwenye ubatizo Soweto. Gari lilikuwa lake, ila yeye hata mlango hakuweza kuufunga. Alilala kiti cha nyuma akiimba nyimbo za harusi. Mimi nilikuwa nimekunywa, ndiyo, lakini nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe. Nikashika usukani ili nimsaidie. Karibu na roboti, zile taa za barabarani, polisi wakatusimamisha, nikapulizishwa kile kipimo cha pombe, nikateremshwa, nikalazwa selo. Yeye hawakumpima, maana abiria hapimwi. Jina lake likabaki jeupe kama shati la Pasaka, na shati hilo nililifua mimi.

Ya pili haina hadithi.

Kwa hiyo mlangoni palikuwa na mtu mwenye mkanda, na getini palikuwa na mimi. Na kila Ijumaa alizidi kunichokoza. Nikitoka kazini huwa napitia bia zangu mbili tatu kwenye baa ya jirani. Yeye hunisubiri na chupa yake ya Fanta, mimi namwita mchungaji, watu wanacheka. Kisha hunyoosha mkono, nampa ufunguo, ananiendeshea gari langu mwenyewe hadi nyumbani Kensington. Nilijua anachotaka ni kuonekana kwenye usukani tu.

Siku moja saa ya chakula akanifuata getini, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

"Yaya, niko na neno. Polisi banaomba batu babili ba kunishuhudia, kama mi si mulevi, si mutu wa hasira. Wewe njo wa kwanza."

"Na wa pili?"

"Shemeki." Yaani mke wangu.

Hata huyo alishamfikia! Nikatabasamu kwa meno yote. "Usijali, mudogo wangu. Nitasema ukweli."

"Njo maana nimekuchagua," akasema, akarudi mlangoni na mkanda wake.

Wiki nzima niliufanyia mazoezi huo ukweli. Nikiinua mti, nasema moyoni: anakunywa. Nikiushusha: anakunywa sana. Nilijiona nikimsimulia yule polisi habari za kiti cha nyuma na nyimbo za harusi, halafu mkanda unarudi kwa bosi, na mama wa magwinya anakumbuka njia ya getini. Sikuona haya hata kidogo. Niliona kama nachukua changu.

Nilipoitwa, nilivaa koti la kanisani. Polisi alikuwa yuleyule. Hakunikumbuka, au alijifanya hanikumbuki.

"Mwombaji anakunywa pombe?"

"Anakunywa," nikasema. Neno lilitoka laini kabisa, kwa jinsi nilivyolizoea.

Akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Mara ya mwisho ulimwona akinywa lini?"

Swali hilo sikulifanyia mazoezi. Nikaanza kutafuta. Krismasi? Alishika Fanta. Harusi ya binamu yake? Alikuwa anagawa vinywaji, mwenyewe kashika maji. Msiba wa mzee wetu kule Soweto, Ijumaa zote za baa, siku ya kuzaliwa binti yangu. Kila nilipofungua mlango wa kumbukumbu nilimkuta amekaa na ile chupa yake ya rangi ya machungwa, na mimi namcheka. Polisi aliinua kichwa akaningoja.

"Miaka minne," nikasema. "Jumapili moja. Tulikuwa tunatoka ubatizo."

"Eish, bhuti. Basi hanywi," akasema, akakata lile neno langu kwa mstari mmoja.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapiga pasi sare yangu. Akasema polisi alimpigia simu yeye pia, asubuhi.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ile mara ya kwanza balikufunga, kesho yake alikuja hapa kunipa habari, akalia ku hii meza. Akasema hatakunywa tena. Na hakunywa."

"Kulia tu!" Sauti ilinipanda. "Na mimi? Kama nisingeshika usukani wake siku ile, leo mkanda ule ungekuwa wangu. Ameniharibia jina, halafu anavaa mkanda!"

Mke wangu akasimamisha pasi kando. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilinikera zaidi.

"Na mara ya pili, baba watoto? Nani alikuwa ku gari?"

Nilitazama sare. Alikuwa amefika kwenye kola.

Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Ilikuwa Ijumaa, siku hiyo yeye alikuwa mgonjwa, hakuja kazini kunisubiri. Baada ya hapo hakukosa Ijumaa hata moja.

Cheti chake kilitoka. Alianza na gari la kengele siku ya Jumatatu, na nilipomwinulia mti nilimwona na bastola kiunoni. Wivu ulinishika palepale, sitadanganya. Ulinishika kama siku ya kwanza. Niliandika namba ya gari lake kwenye daftari, na saa aliyotoka.

Ijumaa alipomaliza zamu aliirudisha bastola kwenye sefu ya kampuni, akaja getini na kifuko kitupu, akanyoosha mkono kama kawaida. Siku hiyo sikupitia baa, sikuwa nimeonja hata tone. Nilitaka kumwambia leo naweza kuendesha mwenyewe. Nikampa ufunguo, nikazunguka upande wa pili, nikaketi kiti cha abiria.